Ibn Khaldun: Mwalimu Ugenini

Shukrani zote zinamrejea Mwenyezi Mungu, aliyeifanya ardhi yake kuwa pana na akazitawanya riziki za waja wake ndani yake. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, aliyeuhama mji wake akaenda kuwafundisha watu wa mji mwengine, na ziwashukie jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Hii ni khabari ya mwanachuoni aliyetoka kwao naye ana umri wa miaka khamsini, akapanda chombo cha wafanya biashara, akashuka katika nchi asiyokuwa na ndugu ndani yake. Na kabla ya kutimia miaka miwili akawa ni mwalimu wa madrasa na kadhi wa madhehebu yake. Wengi wamjua kwa kitabu chake cha tarehe. Wachache wajua kuwa kazi aliyoishi kwayo kule ugenini, na iliyombakia baada ya msiba wake mkubwa, ilikuwa ni kusomesha. Na kwa kuwa vijana wengi wa chuoni husafiri kwenda kutafuta kazi hiyo katika miji ya mbali, katika mwendo wa mtu huyu wana mazingatio.

NASABA YAKE NA MASOMO YAKE

Jina lake ni Abdur-Rahman bin Muhammad, na kuniya yake ni Abu Zaid, naye ameshuhurika kwa jina la babu yao mmoja wa zamani, Khaldun. Alizaliwa katika mji wa Tunis mwezi mosi wa Ramadhani mwaka 732 wa Hijra, uliowafikiana na mwaka 1332 wa Miladi. Asili ya ukoo wake ni Hadhramaut. Wazee wake waliingia Andalus wakakaa Ishbilia, mji ambao Wahispania huuita Sevilla, wakawa ni watu wa vyeo na elimu. Hata ilipodhihiri kuwa mji huo utatoka mikononi mwa Waislamu, nao ulitoka mwaka 1248, walivuka bahari wakaja Afrika ya Kaskazini, na mwisho wakatua Tunis. Basi watu hawa walikuwa wamekwisha kuzoea kuhama kabla yeye hajazaliwa.

Baba yake alikuwa ameziacha kazi za serikali akaishika elimu, naye ndiye aliyemwanzisha. Alihifadhi Qurani kwa visomo vyake saba, akasoma nahau na mashairi ya Waarabu, na hadithi, na fiqhi ya Imam Malik. Mwaka 1347 Sultani Abul-Hasan wa Fas aliuteka Tunis, akaja na wanavyuoni wengi pamoja naye, na mmoja wao akiitwa al-Abili. Kwake yeye kijana alisoma mantiki na hisabu na elimu za akili, na mpaka mwisho wa umri wake akawa akimtaja kwa heshima.

Kisha ikaja tauni kubwa ya mwaka 749 (1348-1349). Ikamchukua baba yake na mama yake, na wengi katika walimu wake. Naye alikuwa ni kijana wa miaka kumi na saba hivi. Na waliosalimika katika wale wageni wakarejea kwao Fas. Basi mji ukamwia mtupu, na hamu ya kuwafuata wenye elimu popote walipo ikamkaa moyoni.

MIAKA YAKE YA SERIKALI

Alitoka Tunis akenda Fas, akaingia katika majilisi ya Sultani Abu Inan, akawa mwandishi wake. Lakini mambo ya wafalme yana khatari zake. Mwaka 1357 alidhaniwa ubaya akatiwa gerezani, akakaa humo karibu ya miaka miwili, hata Sultani alipokufa ndipo alipofunguliwa. Mwaka 764 (1362) akavuka kwenda Gharnata, na mwaka wa pili akatumwa ujumbe kwa mfalme wa Kinasara, Pedro, katika mji uleule wa Ishbilia wa wazee wake. Mfalme akamtaka akae naye na atamrejeshea mali ya ukoo wake. Akakataa kwa adabu akarejea kwa waliomtuma.

Mwaka 1365 alikwenda Bijaya akawa waziri wa amiri wa mji huo. Na hapa yafaa kuangaliwa jambo moja: asubuhi alikuwa akitazama kazi za dola, na alipozimaliza alikuwa akenda katika msikiti wa Kasba akisomesha. Uwaziri ule haukudumu, kwani mwaka uliofuata amiri wake aliuawa vitani. Ama kusomesha kulidumu naye miaka arubaini baadaye.

Akazunguka miaka mingi baina ya wafalme na makabila, hata akachoka. Mwaka 776 (1375) akajitenga yeye na watu wake katika ngome iitwayo Kalaa ya Ibn Salama, katika nchi ambayo leo ni Aljeria, akakaa karibu ya miaka mine hali ya kuandika. Huko aliitunga Mukaddima ya kitabu chake cha tarehe, na nakala yake ya kwanza aliimaliza kwa miezi mitano katika mwaka 779 (1377). Lakini kitabu cha tarehe chataka vitabu, wala jangwani hapana khazina ya vitabu; basi mwaka 780 (1378) akarejea Tunis, mji aliozaliwa.

KUTOKA KWAKE TUNIS

Alipofika Tunis alipokewa vizuri. Sultani Abul-Abbas akamkaribisha, na wanafunzi wakamkusanyikia. Na hapo ndipo ilipoanza dhiki yake. Mkubwa wa wanavyuoni wa mji alikuwa ni Sheikh Ibn Arafa, imamu na khatibu wa msikiti wa Zaituna, mtu mwenye elimu kubwa ya fiqhi. Baadhi ya wanafunzi wa Sheikh huyo wakaacha kwake wakenda kwa aliyekuja nyuma. Yakapita baina ya wawili hawa yapitayo baina ya watu wa kazi moja katika mji mmoja, na maneno yakafika kwa Sultani. Tena Sultani mwenyewe akawa akimchukua katika safari zake za vita, naye hataki ila kitabu chake na darsa yake.

Yalipokuwa hivyo, aliomba rukhusa ya kwenda kuhiji. Na rukhusa ya Hija ni jambo ambalo si wepesi kwa mfalme wa Kiislamu kulikataza. Bandarini palikuwa na chombo cha wafanya biashara kiendacho Iskandaria. Basi katikati ya Shaabani mwaka 784 (Oktoba 1382) akapanda, na wakubwa wa mji na wanafunzi wakatoka kumuaga. Mke wake na watoto wake akawaacha nyuma, kwa nia ya kuwaita atakapopata mahali.

KUFIKA KWAKE MISRI

Alikaa baharini kiasi cha siku arubaini, akafika Iskandaria siku ya Idi ya Mfunguo Mosi. Sultani Barquq alikuwa amekikalia kiti cha ufalme wa Misri siku chache tu kabla yake. Mgeni akakaa Iskandaria mwezi mmoja akijitengeneza kwa safari ya Makka, lakini mwaka ule haikuwezekana. Basi akenda Kairo, akaingia mwezi mosi wa Mfunguo Pili.

Hakuwa ameona mji mfano wa ule. Alikuwa ameona Fas na Gharnata na Ishbilia, lakini Kairo kwa wingi wa watu na masoko, na madrasa zilizopangana, na wanavyuoni wa madhehebu mane wakisomesha, ulimshangaza. Na jina lake lilikuwa limemtangulia, kwani mahujaji na wafanya biashara wa Maghribi walikuwa wakipita Misri kila mwaka, na khabari za wanavyuoni wakizichukua pamoja na bidhaa zao.

Hakuanza kwa kupanga mlangoni kwa wakubwa. Wanafunzi walimjia wakitaka wasome kwake, akaona hapana udhuru wa kuwakatalia. Akakaa katika msikiti wa Azhar akasomesha, naye bado hana cheo wala kazi. Watu wakasikia darsa yake wakapeleka khabari. Kisha amiri mmoja mkubwa, Altunbugha al-Jubani, akamfikisha kwa Sultani Barquq. Sultani akamkirimu, akamwandikia posho ya kumtosha.

Na yafaa msomaji ajue kwa nini Misri ya zama zile iliweza kumlisha mgeni kama huyu. Mwenyewe Ibn Khaldun ameieleza sababu katika kitabu chake. Maamiri wa Kituruki waliotawala Misri walikuwa na khofu kuwa wakifa sultani atazichukua mali zao, watoto wao wasipate kitu. Basi wakajenga madrasa na zawiya, wakaziwekea wakfu mashamba na majumba, wakawafanya watoto wao kuwa ni wasimamizi wenye fungu lao, pamoja na kutaka thawabu kwa Mwenyezi Mungu. Ukawa wingi wa wakfu ni wingi wa vyakula vya walimu na wanafunzi, na watu wakaja kutafuta elimu kutoka Iraki na Maghribi. Mji wenye wakfu uliohifadhiwa hupata walimu, na mji ambao wakfu wake umeliwa hukimbiwa nao.

MADRASA YA KAMHIYA

Katika Misri ya zamani, karibu na msikiti wa Amri bin al-As, palikuwa na madrasa iliyojengwa na Sultani Salahud-Din kwa ajili ya fiqhi ya Imam Malik. Wakfu wake ni mashamba ya Fayyum, na mavuno yake ni ngano. Na kwa kuwa ngano kwa Kiarabu ni kamhi, madrasa ikaitwa Kamhiya. Mwalimu wake alipofariki, Barquq alimpa Ibn Khaldun mahali pale.

Darsa ya kwanza ilikuwa mwezi 25 wa Mfunguo Nne mwaka 786 (Machi 1384). Sultani aliwatuma maamiri wake wahudhurie, na makadhi na wanavyuoni wakaja. Mtu mgeni, mwenye vazi la Kimaghribi ambalo hakuliacha, alikaa mbele ya wakubwa wa mji usio wake, na kila mmoja ametega sikio aone kama sifa aliyoisikia ni kweli. Akataja fadhila za elimu, na wema wa wafalme waliojenga madrasa, kisha akaingia katika darsa. Watu wakaondoka nao wamemkubali.

Alipokwisha kupata mahali, aliwakumbuka aliowaacha. Sultani wa Tunis alikuwa amewazuia watu wake wasisafiri, kwa tamaa kuwa yeye atarejea. Akamwomba Barquq amwombee, na Barquq akaandika barua kwa Sultani wa Tunis. Ombi likakubaliwa.

UKADHI NA MSIBA WAKE

Mwezi 19 wa Mfunguo Tisa mwaka uleule, Barquq alimfanya kuwa kadhi mkuu wa Kimaliki. Tokea zama za Sultani Baybars, mwaka 663 (1265), Misri ilikuwa na makadhi wakuu wane, wa kila madhehebu mmoja, na wa Kishafi akiwa ndiye wa mbele yao. Ibn Khaldun akakamata kazi kwa nguvu. Aliona mashahidi wasiokuwa waadilifu wakiandika hati kwa kuwapendeza wakubwa, akawatia adabu. Aliona hila zikifanywa za kuvunja wakfu, akazizuia. Aliona watu wasiokuwa na elimu wakitoa fatwa, akawakemea. Hakukubali maombi ya wenye vyeo katika haki za watu.

Maadui wakawa wengi. Wakasema kuwa yeye ni mgeni asiyejua desturi za mahakama za Misri, na kuwa ni mkali, tena ana kiburi. Na wengine katika wanavyuoni wa haki hawakumsalimisha na lawama hiyo. Si kila aliyemlaumu alikuwa mla rushwa, na mgeni akipewa hukumu juu ya watu asiowajua, ukali wake huonekana mara mbili.

Katika siku zile za maneno ndipo ulipomfikia msiba. Chombo kilichowachukua watu wake kutoka Tunis kilipigwa na dhoruba karibu na Iskandaria kikazama. Wakaghariki watu wa nyumba yake, na mali yake, na vitabu vyake. Alikuwa amewangojea miaka miwili. Yeye ndiye aliyeomba waje, na mfalme ndiye aliyemwombea, na ombi lilikuwa limejibiwa. Kisha Mwenyezi Mungu akapitisha amri yake. Hapana katika kazi ya ugenini chungu kupita hiki: mtu apate alichokitafuta kwa ajili ya jamaa zake, kisha wasifike kukila pamoja naye.

Hakumtukana mtu wala zama. Alitamani kuuacha ukadhi, na mwaka 787 (1385) Sultani akamfungulia kwa wema. Akarejea katika kusomesha na kusoma na kuandika.

HIJA YAKE NA MADRASA ZAKE NYENGINE

Barquq alipomaliza kuijenga madrasa yake mwenyewe katika Kairo, alimpa darsa ya fiqhi ya Kimaliki ndani yake. Kisha katika Ramadhani mwaka 789 (1387) akasafiri kwenda kuhiji, akapita Tur, akavuka bahari mpaka Yanbu, akafika Makka. Ile Hija aliyoiombea rukhusa Tunis aliitimiza mwaka wa tano baada ya kutoka kwake. Aliyesema kuwa Hija ile ilikuwa ni kisingizio tu, basi huyu hapa ameitimiza.

Aliporejea, mwaka 791 (1389), alipewa darsa ya hadithi katika madrasa ya Sarghitmish, akakichagua kitabu cha Muwatta cha Imam Malik, akakisomesha. Akapewa tena usimamizi wa khanka ya Baybars, nyumba ya masufi. Mwaka huohuo maamiri wakamwasi Barquq wakamwondoa, na wanavyuoni wakalazimishwa kutia mikono yao katika fatwa iliyo juu yake, na Ibn Khaldun akiwa mmoja wao. Barquq aliporejea katika ufalme hakusahau, na khanka ikamtoka mkononi. Hivi ndivyo ilivyo kazi iliyo mkononi mwa mfalme: hutolewa kwa neno na huondolewa kwa neno.

Ukadhi ukamrudia baada ya miaka kumi na mine, mwaka 801 (1399), na alipoitwa alikuwa Fayyum katika mavuno. Tokea hapo mpaka kufa kwake alipewa na akaondolewa mara kwa mara, na jumla ya kupewa kwake ni mara sita. Mwaka 803 (1401) alikuwa Damascus, Timur alipouzingira mji huo. Akateremshwa kwa kamba kutoka ukutani akenda kwake, akazungumza naye siku nyingi, akamwandikia sifa ya nchi za Maghribi, akawaombea amani wenziwe wa Misri waliokwama mjini. Katika kurejea kwake alinyang'anywa njiani, akafika Kairo salama.

MAFUNZO YAKE KATIKA KUSOMESHA

Katika Mukaddima ameandika milango juu ya elimu na kufundisha, na yafaa kila mwalimu wa chuoni aisome. Amesema kuwa elimu hufundishwa kwa daraja. Kwanza mwanafunzi apewe misingi ya fani kwa ujumla kwa kadiri ya akili yake. Kisha arejeshwe tena kwa sherehe na khitilafu. Kisha mara ya tatu asiachiwe kigumu ila kimefunguliwa. Amekataza kuchanganya fani mbili kwa mwanafunzi kwa mara moja. Amewalaumu waliovifupisha vitabu mno, hata mwanafunzi akashughulika kufumbua maneno akaikosa elimu yenyewe.

Ameeleza pia kuwa kumfanyia mtoto ukali kunamdhuru: humfundisha uwongo na hila ili ajiepushe na mkono wa mwalimu, na humvunja nafsi yake. Tena amelinganisha miji katika kuwasomesha watoto: watu wa Maghribi humsomesha Qurani peke yake, na watu wa Andalus huchanganya naye mashairi na nahau na khati. Maneno haya ni ya mtu aliyekaa katika vyuo vya nchi nyingi akatazama, si ya mtu aliyekaa mahali pamoja akadhani kuwa ada ya kwao ndiyo sharia.

Na juu ya safari amesema kuwa kusafiri kutafuta elimu na kukutana na masheikh ni ukamilifu wa mafunzo, kwani anachokipokea mtu kwa kukabiliana uso kwa uso humthibitikia zaidi. Naye alikuwa ni dalili ya neno lake. Katika waliokaa mbele yake Kairo ni al-Maqrizi, mwandishi mkubwa wa tarehe ya Misri, aliyempenda na kumsifu mno. Na katika waliokutana naye wakasikia kwake ni Ibn Hajar al-Askalani, Mshafi, mwenye Fat-hul Bari; huyu alimchukulia elimu na juu ya hivyo akamlaumu katika kitabu chake cha makadhi wa Misri. Na mwalimu hupata namna zote mbili za wanafunzi, na wote wawili wamelihifadhi jina lake.

Hakuwasahau wa kwao vilevile. Mwaka 799 (1396) alipeleka nakala ya kitabu chake Fas, kiwe wakfu wa wanafunzi katika msikiti wa Karawiyin.

KUFA KWAKE

Alikufa Kairo katika siku za mwisho za Ramadhani mwaka 808 (Machi 1406), naye ni kadhi kwa mara ya sita, na umri wake ni miaka 76 kwa hesabu ya Hijra. Akazikwa katika makaburi ya masufi nje ya Babun-Nasr. Alikuwa ameishi Misri miaka 24, wala hakurejea Tunis.

Basi atakayetoka kwao kwenda kutafuta mahali pa kusomesha na azingatie. Mtu huyu aliingia mji mkubwa hana ila kilicho kifuani mwake, akakitoa kwanza kabla ya kuuliza malipo, na malipo yakamfuata. Kiti alipewa akanyang'anywa, ukadhi alipewa akanyang'anywa, jamaa zake na vitabu vyake vilizama baharini. Darsa alizozitoa hazikupata wa kuzinyang'anya. Kwa hivyo mwenye kusafiri na ashike elimu yake kabla ya kushika barua za wakubwa, na achunge haki za wakfu unaomlisha, na asiwasahau aliowaacha nyuma.

Mwenyezi Mungu amrehemu Abdur-Rahman bin Khaldun na watu wake waliokufa baharini, na awalinde walimu wote walio mbali na kwao. Amin.